Waliomo Ndani ya Duara

Mume wangu Tugiman ndiye balozi wa nyumba zetu hapa Watugede, lakini kazi ya ubalozi naifanya mimi. Yeye anapokea wageni, anacheka nao na kuvuta sigara zao. Mimi ndiye ninayeandika, ninayezunguka nyumba kwa nyumba, ninayemtafuta mtu aliyejificha chooni ili asichangie bati la kibanda cha walinzi. Silalamiki. Nasema tu ili ujue kwamba habari za mnara huu sikuhadithiwa na mtu.

Kijiji chetu kiko juu ya mawe ya chokaa, na zamani simu huku ilikuwa pambo. Ukitaka kuongea unapanda kilima cha mitiki, unasimama kwenye jiwe lililopakwa chokaa, unageuza uso upande wa bahari, na hapo, Mungu akipenda, mtu anakusikia. Mwanangu Wulan yuko Hong Kong, anamtunza mzee wa watu, na siku yake ya kupumzika ni Jumapili. Kila Jumapili nilijitanda shali ya kijani aliyoniletea, nikapanda. Nafika nakuta foleni penye jiwe. Zamu yangu inawadia, mtoto anaanza, "Mama, mimi nime..." halafu kimya. Amefanya nini? Ameugua? Ameolewa? Amefukuzwa? Wiki nzima naishi na hilo "nime" lake. Kwa hiyo mnara niliutaka kuliko mtu yeyote wa kijiji hiki, na sioni haya kulisema.

Kampuni ilipoamua kutuletea, aliyekuja mwanzo hakuwa fundi. Alikuja kijana wa karatasi, Ferdian, mtu wa mjini Semarang, viatu vyake vina ncha mbele na kwapani ana faili la bluu lililonenepa. Tukamkaribisha barazani, tukampa chai na muhogo wa kukaanga. Akatueleza kwamba mnara utasimama kwenye shamba la kijiji, urefu wake mita arobaini na mbili, na kwamba sheria inataka ridhaa ya kila mwenye nyumba anayeweza kufikiwa na mnara ukianguka.

"Ukianguka?" Tugiman akauliza.

"Hauanguki, Pak," akajibu kwa heshima.

"Sasa mbona mnapima utakapoangukia?"

"Karatasi ndiyo inayotaka, Pak. Mimi nafuata karatasi."

Akafungua ramani. Katikati kuna nukta, na kuizunguka kuna duara jekundu lililopita juu ya paa zetu. Nyumba kumi na kitu zilikuwa ndani, yetu ikiwemo. Kila nyumba, mume na mke watie sahihi au dole gumba, watoe nakala ya kitambulisho, balozi ashuhudie, mkuu wa kijiji agonge mhuri. Kisha orodha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Baada ya hapo ndipo inakwenda ofisi ya wilaya. Asiposaini hata mmoja, hakuna mnara. Anayesaini, kampuni inampa sufuria ya umeme ya kupikia wali, yenye jina la kampuni kwenye kifuniko. Mkono mtupu haulambwi, na kampuni walilijua hilo kabla ya kufika.

Nilifikiri kazi ni ya asubuhi mbili. Wapi!

Wa kwanza kunitia taabuni alikuwa Pak Wiryono, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kuvaa soksi nyumbani. Huyu ndiye aliyeandika barua miaka na miaka kuomba mawasiliano, kwa mwandiko wa kulala, nakala kwa kila ofisi. Alikuja barazani kwetu amechana nywele, amevaa batiki ya harusi, kalamu ya wino mfukoni, akaketi akingoja kuitwa. Ferdian akapitisha kidole kwenye ramani, akakohoa.

"Pak Mwalimu, samahani. Nyumba yako haimo."

"Haimo wapi?"

"Ndani ya duara. Duara limekata banda lako la kuku, halafu likageuka."

"Yaani kuku wangu wamo?"

"Wamo, Pak."

"Na mimi?"

"Wewe... umepitwa kidogo."

Pak Wiryono akavua miwani, akaifuta. "Kwa hiyo mnara ukianguka unaua kuku wangu, halafu ukiniona mimi unasimama?"

"Unakuheshimu, Mwalimu!" Bu Jumirah akapiga kelele kutoka ng'ambo ya ua. Huyu ni jirani yangu, mdomo wake hauna mlango. Watu wakacheka, hata mimi nikacheka, na lile ndilo lililokuwa kosa. Mzee aliinuka na batiki yake akaondoka bila kuaga. Huku kwetu mtu akikudhulumu mtasameheana, lakini asipokuuliza kwenye jambo ambalo jirani yako kaulizwa, hilo litazikwa nawe.

Tugiman hawezi kuishi na mtu aliyenuna. Jioni alikwenda kwa Mwalimu na ile orodha, akamwachia atie sahihi pale chini kabisa, mahali palipobaki wazi. Nilipomuuliza akasema, "Jina moja la ziada litamuua nani?"

Mbah Ginem nilimwacha wa mwisho kwa sababu nilimhesabia rahisi. Ni bibi yetu sote, anaishi peke yake upande wa pili wa shamba, na duara lilikuwa limeingia kwake kwa jiko tu. Hana ugomvi na mtu. Nilimkuta amepiga magoti anasonga tiwul, ule ugali wetu wa muhogo, moshi umejaa. Nikaweka sufuria mpya juu ya kigoda, nikatoa orodha na kidau cha wino.

"Mbah, tia dole hapa, basi, nikuache."

Akaitazama karatasi. Akaitazama sufuria. Akacheka kidogo. "Mimi sitii dole, mwanangu. Kunywa chai."

"Ni la mnara, Mbah. Simu."

"Nimesikia. Jengeni. Sijawakataza."

"Ukikubali, si utie dole?"

"Nimekubali kwa mdomo. Hicho kitu kitoe kwenye kigoda changu." Na akakisogeza kwa mpini wa ufagio kama mtu anavyosogeza nyoka aliyekufa.

Nikasema moyoni, uzee huu. Nikamwachia Ferdian na karatasi zake, nikidhani mstari mmoja mtupu utapita kama mistari mingi mitupu inavyopita katika nchi hii.

Haukupita. Faili lilirudi kutoka wilayani na kalamu nyekundu kila mahali. Ferdian alilikalisha mezani kwetu kama mgonjwa.

"Jina moja limezidi, jina moja limepungua," akasema. "Wanauliza mtu aliye nje ya duara amesaini kwa nini. Labda vipimo vyote ni vya uongo? Na wanauliza aliye ndani mbona hayumo. Bu Lasmi, tuna mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo kampuni inahamishia mnara Ngasem."

Ngasem! Kijiji jirani, watu wanaotucheka kwamba sisi huongea na simu kama majogoo, shingo juu. Habari ikasambaa kabla chai haijapoa, na watu wakajaa barazani.

"Bibi mmoja na jiko moja," Bu Jumirah akasema, "anatuweka kilimani sote. Mimi nasema akilala tumshike dole tu. Hata hatajua."

"Acha upuuzi," Tugiman akasema, lakini alikuwa anacheka, maana yeye kila kitu ni kucheka.

Watu walipoondoka Ferdian alibaki. Akanisogelea, akaongea kwa sauti ya chini. "Bu, mimi sijasema kitu. Lakini dole ni dole. Wilayani hawana kioo cha kukagulia madole. Wanatazama kama pana doa."

Nikatazama dole gumba langu. Nasema kweli, nililitazama. Lina kovu la kisu, lakini chini ya wino nani angeona? Nikamfikiria Wulan na "nime" yake. Kisha nikakasirika, sijui na nani, nikachukua sufuria kwapani na orodha mkononi, nikavuka shamba kwenda kwa Mbah Ginem, nimeazimia kwamba leo atatia dole au nimtie aibu.

Nilianza kumpigia kelele nikiwa bado mlangoni. "Mbah, unataka tukufanye nini? Kijiji kizima kinangoja kidole chako! Mimi mwanangu simjui kama mzima au mgonjwa, nasikia nusu ya neno kwa wiki. Wewe huna mtoto mbali, ndiyo maana hujui!"

Hilo la mwisho halikuwa la kusema. Mbah hana mtoto kabisa, wala wa karibu wala wa mbali, na mimi nilijua. Alijifuta mikono kwa kanga yake kiunoni.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Unaliona lile jembe?"

Lilikuwa limeegemezwa pembeni, chuma kimelika mpaka kimebaki kama sahani. Nimeliona tangu utotoni. Kila mtu huku amemwona Mbah na jembe lile.

"Halikununuliwa," akasema. "Walikuja vijana wa chama cha wakulima. Wazuri, wana adabu, kama huyu wako wa viatu. Wakasema kila mkulima atapewa jembe. Tia dole hapa, chukua jembe. Marto wangu hakujua kusoma. Akatia dole, akachukua jembe, akarudi nyumbani anaimba."

"Mbah..."

"Ngoja. Wewe umesema, sasa nami niseme. Ukaja mwaka sitini na tano, wakaanza kusaka wakomunisti, wakasema chama kile ni chao. Wakaja askari na karatasi ile ile. Wakasoma majina. Jembe hawakulitaka, wakaliacha hapo hapo ukutani."

"Marto alikuwa mkomunisti?" Nilikuwa najua kwamba mumewe alichukuliwa asirudi. Hilo tuliambiwa kwa kunong'onezwa, na kukatazwa kuuliza. Habari ya jembe sikuwahi kuisikia.

"Alikuwa mkulima asiye na jembe," Mbah akasema. "Walimkuta anakula. Akaniuliza, Ginem, nivae shati? Askari akasema huna haja, unakwenda kuulizwa maswali mawili tu, utarudi. Akaondoka na kikoi alichovaa. Ilikuwa baridi wakati ule. Mimi nikifikiria siku ile, mwanangu, sifikirii bunduki. Nafikiria kwamba nilikuwa nimelishika lile shati mkononi, na sikumpa."

Alisema kama anavyosema bei ya muhogo. Nilikuja na methali tayari mdomoni, ile ya aliyeumwa na nyoka kushtuka akiona ung'ongo. Nikaiacha huko huko. Ningemwambia huu ni ung'ongo, Mbah, si nyoka? Na lile jembe lilikuwa nini?

"Wewe umeleta sufuria," akasema. "Wao walileta jembe. Mimi nitakuwa na uhakika gani?"

Nikasimama, nikachukua sufuria yangu. "Samahani, Mbah. Kwa lile nililosema."

"Kunywa chai kwanza," akasema, na nikanywa, ingawa ilikuwa imejaa moshi.

Nyumbani nilimsimulia Tugiman. Nilimngoja aseme neno la mzaha, kwa sababu ndivyo alivyo, hata mazikoni. Mwaka ule wa sitini na tano alikuwa mtoto wa miaka sita.

"Lile lori la askari nililisikia," akasema. "Lilipanda na gia ya chini." Kisha akatoka kwenda kuwapa mbuzi majani, na mbuzi walikuwa wameshakula.

Kesho yake asubuhi nikasikia makelele shambani. Pak Wiryono alikuwa amejipimia kamba ya mita arobaini na mbili, ameifunga kwenye kigingi ambacho kampuni walikipigilia katikati ya shamba, na anazunguka nayo akiivuta, suruali imekunjwa, soksi zimejaa tope. Kila hatua anachomeka kijiti. Ferdian alikuwa anamfuata nyuma akimbembeleza.

"Pak Mwalimu, vipimo vilishapimwa kwa mitambo."

"Mitambo yenu haikusoma kwangu. Nitawafundisha hesabu."

Nikasimama nikatazama. Kamba ilipofika kwake ilikomea kwenye banda la kuku, kama ramani ilivyosema. Mzee akaivuta mpaka uso ukawa mwekundu, lakini kamba haina huruma. Akaendelea kuzunguka, akapita kwetu, kwa Bu Jumirah, akafika upande wa pili kwa Mbah Ginem. Pale kamba ilivuka ukuta wa jiko kwa urefu wa mwiko. Mbah alitoka, akaitazama ile kamba iliyolala mlangoni pake, akarudi ndani akafunga mlango.

Nikatazama banda la kuku upande huu. Nikatazama jiko upande ule. Nikatazama kigingi.

"Mas Ferdian," nikaita. "Kigingi hiki kiliteremka kutoka mbinguni?"

"Unasemaje, Bu?"

"Nauliza, kimeandikwa katika kitabu gani kwamba lazima kiwe hapa? Kisogezeni kule kwa Mwalimu, hatua chache. Shamba ni la kijiji, mwamba ni ule ule."

Kijana alinitazama kana kwamba nimemwambia asogeze jua. "Bu Lasmi! Michoro yote? Vipimo vya udongo? Kuna fomu ya kuhamisha, nayo ina nakala sita, na inataka sababu!"

"Nakala sita ni nzito kuliko Ngasem?"

Pak Wiryono alikuwa ameshaelewa. Aliachia kamba, akashusha suruali, akavaa uso wa ualimu. "Nadhani Bu Lasmi ametoa hoja ya msingi," akasema.

Ferdian alipanda kilimani kumpigia bosi wake. Tulimwona kwa mbali amesimama kwenye jiwe, shingo juu kama sisi wengine, anatikisa mkono mmoja. Aliposhuka viatu vyake havikuwa na ncha tena, vilikuwa tope. Bosi amekubali. Michoro mipya ni rahisi kuliko kijiji kipya. Akaketi barazani kujaza fomu, akafika kwenye mstari wa sababu, akainua kalamu.

"Niandike nini? Sababu ya kuhamisha."

Mimi na Tugiman tukatazamana.

"Andika maombi ya wakazi," Tugiman akasema.

"Wakazi gani?"

"Andika tu, mwanangu. Kuna maneno karatasi haina haja nayo."

Wakapima upya. Hakuna aliyebadilika ila hao wawili. Mwalimu aliingia na sebule yake nzima, na Mbah Ginem akatoka, duara likapita nje ya ukuta wake. Mnara ni ule ule na mita ni zile zile. Ukiamua kuanguka upande wake utamrushia vumbi kama kawaida. Lakini jina lake halihitajiki tena, na hakuna mtu atakayemgongea na kidau cha wino.

Pak Wiryono alisaini akiwa amevaa ile batiki ya harusi, kwa kalamu yake mwenyewe, polepole, na mkewe akampigia makofi. Sufuria aliiweka sebuleni juu ya kabati la vitabu na mpaka leo haijapika wali. Siku ya kenduri, karamu ya kuombea ujenzi, alihutubia akasema mnara umehamishwa kwa sababu ya hoja zake. Tukamwachia. Bu Jumirah alitaka kufungua mdomo nikamkanyaga mguu.

Orodha ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Hakuna anayesoma vitu hivyo. Mimi nilikuwa pale nikimngoja mkuu wa kijiji ndipo nikamwona Mbah Ginem anakuja na fimbo yake, amevaa kebaya safi, blauzi yake ya kutokea, kwa njia ambayo mimi mwenyewe huiona ndefu.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea majina yote, na majina ya baba zao. Alisikiliza amefumba macho.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Safari hii alikuwa akihesabu kwa vidole. Nilipomaliza alishusha pumzi, ndefu, mpaka mabega yakashuka.

"Simo."

"Humo, Mbah."

"Na wewe umo."

"Mimi nimo, Mbah. Mimi na Tugiman."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu, mgumu. "Pole, mwanangu," akasema.

Nilicheka. Nilidhani nimecheka kwa sababu ni kichekesho, mtu kupewa pole kwa kuletewa simu. Lakini yeye hakucheka, akaendelea kunishika, na kicheko changu kikaisha chenyewe.

Siku chache baadaye alikuja kwetu na kifurushi kimefungwa kwa kitambaa cha batiki. Akakiweka mwenyewe kwenye msumari nyuma ya mlango wa mbele, hakuniomba ruhusa.

"Kisitoke hapo mpaka siku wakija kukuchukua," akasema. "Ningeweza ningewapa wote walio kwenye karatasi ile. Sina uwezo. Nimekuletea wewe, kwa sababu uliirudisha sufuria."

Alipokwenda nikafungua. Kikoi kipya. Kipande cha sabuni. Sukari guru imefungwa kwenye jani. Na shati la mwanamume, la zamani, kola ndefu za wakati ule, limepigwa pasi na kukunjwa miaka mingi mpaka mikunjo imegeuka manjano. Sikuhitaji kuuliza ni la nani. Nilikaa sakafuni nikalia, mimi ambaye watu husema nina jiwe kifuani.

Tugiman aliporudi nilimwonyesha. Akalishika shati lile kwa vidole viwili, akalirudisha kama lilivyokuwa.

"Ya kale hayo," akasema. "Siku hizi wanakupigia simu kwanza." Na akacheka.

Mnara ulisimama kabla ya mvua. Jumapili ya kwanza simu iliita jikoni kwangu, nikiwa nakaanga vitunguu. Sauti ya Wulan ilikuwa safi mpaka nikageuka kumtafuta nyuma yangu.

"Wulan! Ile siku ulisema 'nime.' Ulikuwa umefanya nini?"

"Siku gani, Mama? Sikumbuki. Labda nimekula."

Nimekula! Nilimtukana vizuri, akacheka, na tukaongea mpaka vitunguu vikaungua.

Ikaja baridi ya Julai. Nikaitafuta shali yangu ya kijani, sikuiona. Nikapekua kabati, nikamshuku Bu Jumirah, nikamuuliza Tugiman, akasema hajui mambo ya nguo za wanawake. Wiki nzima naitafuta. Siku ya kusafisha nyumba nikakiteremsha kile kifurushi ili kukipiga vumbi, nikaona kimenona kuliko nilivyokiacha. Nikakifungua.

Juu ya lile shati palikuwa na shali yangu, imekunjwa vibaya, mkunjo wa mwanamume. Ndani ya shali palikuwa na miwani yangu ya zamani, na vidonge vyangu vya presha, vya mwezi mzima, nilivyodhani duka la dawa limenipunja.

Nje nilikuwa namsikia Tugiman barazani, anamchekesha mgeni.

Nikavirudisha vyote. Nikafunga fundo kama alivyolifunga yeye, nikakitundika kwenye msumari wake, na sikumwambia kitu.

Jumapili Wulan alipiga. "Mama, naona kwenye taarifa huko kwenu kuna baridi kali. Ile shali unaivaa?"

Nilikuwa nimejitanda taulo.

"Nimeivaa," nikamwambia.